Giaboksi ya Oto Isiyopata Moto: Anzia Kwenye Rejeta

Giaboksi inayochemka kila dereva anaiogopa. Isiyopata moto haimshtui mtu, na hakuna anayeileta gereji akilalamikia baridi. Huja na malalamiko mengine: gari limeanza kula mafuta, barabara kuu injini inaunguruma kana kwamba gia ya mwisho haipo, na asubuhi ukiweka D gari linasubiri kidogo ndipo lisogee.

Nazungumzia giaboksi za oto zenye toki konveta, yaani kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili, kama za pikapu, malori madogo, magari ya zimamoto na ya taka. Scania ya Opticruise au Volvo ya I-Shift ni habari nyingine, maana hizo kwa asili ni giaboksi za mkono ambazo kompyuta ndiyo inazibadilishia gia.

Oili ya giaboksi hizi hutakiwa ifikie nyuzi 70 hadi 95 hivi za Selsiasi, kutegemea mtengenezaji. Ikiwa ya baridi huwa nzito, valvu huchelewa, na kompyuta huizuia klachi iliyo ndani ya toki konveta isifunge. Isipofunga, sehemu ya nguvu ya injini inaishia kuvuruga oili tu, na dizeli inakwenda bure.

Julai moja tuliletewa pikapu iliyokuwa ikipiga safari kati ya Njombe na Makambako. Gereji ya kwanza ilishamwambia mwenyewe atafute giaboksi nyingine. Tuliunganisha mashine ya kupimia tukaingia nayo barabarani. Baada ya kilomita 40 oili ya giaboksi ilikuwa nyuzi 44. Macho yangu yalikuwa kwenye namba ya pili: maji ya injini, nyuzi 57. Tulipofungua nyumba ya themostati, ile valvu inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ndani hamkuwa na kitu. Kuna fundi aliyeinyofoa zamani, gari lilipochemsha, na pengine alisifiwa.

Hilo ndilo tatizo ninaloliona kuliko mengine yote. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupita ndani ya tangi la rejeta, au kwenye kifaa kidogo kinachoikutanisha na maji ya injini. Tunadhani kazi yake ni kupooza peke yake, kumbe asubuhi ya baridi maji hayo ndiyo yanayoipasha oili. Themostati huchapwa nyuzi inazoanzia kufunguka, mara nyingi 82 au 88. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha gari, injini haipati moto, na giaboksi inakosa pa kujipashia. Mwenye pikapu ile alinunua themostati na galoni ya kulanti, akarudi na giaboksi yake ileile.

Kabla ya yote lakini, hakikisha baridi ni ya kweli. Gari likilala nje usiku kucha, asubuhi kabla ya kuliwasha soma sensa tatu: ya maji, ya hewa inayoingia na ya oili ya giaboksi. Zote zinatakiwa zikaribiane. Mbili zikisema 14 na ya giaboksi ikasema -40, usitafute baridi, tafuta waya uliokatika au soketi iliyochomoka. Upinzani wa sensa hizi hupanda joto linaposhuka, kwa hiyo waya ukikatika kompyuta huona upinzani mkubwa mno, ikautafsiri kuwa ni baridi kali. Ukiwa na kipimajoto cha mwanga, kielekeze pia kwenye sampu, karai la oili lililo chini ya giaboksi, ulinganishe.

Injini ikiwa na moto wake na sensa ni nzima, fuata mabomba ya oili. Magari mengi yana valvu inayoirudisha oili kwenye giaboksi bila kuipitisha kwenye kipoozeo cha mbele mpaka ipate moto. Washa gari likiwa baridi, upime bomba la kwenda mbele. Linatakiwa kubaki la baridi kwa muda huku giaboksi ikipanda. Likianza kupata joto sambamba na giaboksi, valvu imekwama wazi.

Wapo pia wanaojitafutia wenyewe. Mtu anaona nyuzi 90 kwenye simu yake, anaogopa, anafunga kipoozeo cha ziada kikubwa kama dirisha. Nyuzi 90 si homa. Kipoozeo hicho kina maana kwa anayepanda mlima Kitonga na mzigo, si kwa anayekwenda sokoni. Kukijaribu, kizibe nusu kwa katoni, uendeshe huku ukitazama mashine. Oili ikipanda hadi inapotakiwa, umempata mchawi. Usisahau tu kuitoa katoni.

Kujua kama klachi ya toki konveta inafunga, shika mwendo wa 80 kwenye barabara tambarare isiyo na magari, kisha gusa breki kidogo bila kuachia mafuta. Mizunguko ya injini ikiruka juu, ilikuwa imefunga. Isipobadilika, haikuwa imefunga.

Na usiongeze oili ikiwa bado ya baridi ukifuata alama ya moto ya kijiti cha kupimia. Oili hutanuka. Giaboksi za oto za kampuni ya Allison, kwa mfano, kipimo chake cha moto huchukuliwa oili ikiwa kati ya nyuzi 71 na 93. Ukijaza hadi alama hiyo oili ikiwa nyuzi 40, ikishapata moto itazidi, itapigwa mapovu, na gia zitaanza kuteleza kwenye giaboksi ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.