Chanjo ya HPV haifungi kizazi

Tangu Tanzania ilipoanza kuwachanja wasichana nchini kote dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2018, wapo wazazi wanaoamini kwamba sindano hiyo hufunga kizazi. Huenda jina lenyewe limechochea hofu, kwani anayesikia "chanjo ya mlango wa kizazi" hudhani kwamba huko ndiko dawa inakopelekwa. Sindano huchomwa begani. Ndani yake mna protini iliyoundwa kwa mfano wa ganda la nje la kirusi, isiyo na vinasaba, ambayo kwa hiyo haiwezi kuambukiza wala kuzaliana mwilini. Kazi yake ni kuufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika. Shirika la Afya Duniani limepitia taarifa za usalama wake mara kadhaa bila kupata ushahidi kwamba husababisha ugumba.

Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, hasa ikichelewa kugunduliwa, kwa kuwa matibabu yake mara nyingi ni kutoa mfuko wa uzazi au kutumia mionzi inayodhoofisha ovari.

Chanjo hulenga hasa aina mbili za HPV, ya 16 na ya 18, zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii, wala haiponyi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Ndiyo maana hutolewa mapema, na mwanamke aliyechanjwa bado anahitaji uchunguzi akifikia umri wa miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na VVU. Mabadiliko yakionekana mapema, huweza kutibiwa kabla hayajawa saratani.