Mgongo ukiguswa, si lazima miguu ife

Kuanzia Kisenyi hapa Kampala hadi Arua, utawasikia wazee wakisema: mgongo ukiingizwa chuma, miguu imekufa. Nimewaona watu wakivumilia maumivu miaka na miaka kwa hofu hiyo, na inanisikitisha.

Chukua kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu sugu ya mgongo. Nyaya zake nyembamba hazichomwi ndani ya uti wa mgongo wenyewe, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo. Hulazwa nje ya utando mgumu unaoufunika, na betri huwekwa chini ya ngozi, mara nyingi juu kidogo ya tako. Umeme mdogo huvuruga habari za maumivu kabla hazijafika kwenye ubongo. Wazo lilitokana na nadharia ya watafiti Melzack na Wall ya 1965, kwamba uti wa mgongo una kama lango linaloweza kuzuia habari za maumivu. Mwaka 1967 daktari Norman Shealy akamwekea mgonjwa kifaa cha kwanza huko Marekani.

Kupooza kunaweza kutokea, ndiyo, lakini ni nadra sana. Yanayosumbua zaidi ni maambukizi, na nyaya kuhama. Ndiyo maana wiki za mwanzo mtu hakatazwi kutembea, ila hukatazwa kuinama, kujipinda na kubeba jerikani la maji. Bodaboda kwenye mashimo nayo isubiri.

Tena kifaa hiki hakiponyi. Maumivu yakipungua nusu, madaktari huhesabu kimefaulu. Hujaribiwa kwanza siku chache, betri ikiwa nje ya mwili. Kisiposaidia, nyaya huchomolewa. Ukiwekewa, tembea na kadi yake: waonyeshe walinzi pale uwanja wa ndege wa Entebbe, na umwambie daktari kabla hujaingizwa kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali.