Hofu ya matende na kilichomo kwenye damu: maswali na majibu

Miguu yangu mizima kabisa. Dawa ya kingatiba, ile inayogawiwa jamii nzima hata wasioumwa, ikija, naimeza ya nini?

Kwa sababu mguu hausemi kilichomo kwenye damu. Wengi wenye vimelea vya matende hawana dalili yoyote ya nje. Minyoo mikubwa hukaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, kwa wastani miaka 6 hadi 8, na kuzaa minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huingia kwenye damu na kubebwa na mbu hadi kwa mtu mwingine. Aliyevimba mguu siku nyingi, kinyume chake, mara nyingi damu yake haikutwi na minyoo hiyo midogo. Kwa hiyo yule anayekwepwa barazani huenda hana tena cha kumpa mbu, na yule mzima tunayekunywa naye kahawa hapa Ngamiani, Tanga, ndiye anayevieneza vimelea bila kujua.

Mbona wapimaji walikuwa wakija usiku?

Mwambao huu minyoo midogo hujaa kwenye damu ya juu juu usiku, hasa kuanzia saa 4 hadi saa 8, saa ambazo mbu wanauma. Mchana hujificha kwenye mapafu. Siku hizi kuna kipimo cha haraka cha tone la damu la kidoleni ambacho hakichagui saa.

Watafiti huuliza, "Unajiona uko hatarini?", kisha wanapima damu. Wanatafuta nini?

Wanataka kujua kama hofu ya mtu inakwenda sambamba na hali yake halisi. Hapa ndipo hesabu inapohitaji utulivu, maana jibu la haraka hudanganya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 200 wa mji mmoja wameulizwa. Kati ya 100 wanaojiona hatarini, 13 wamekutwa na vimelea. Kati ya 100 wasio na hofu, 7. Karibu mara mbili! Mtu atasema basi, wenye hofu wanajijua.

Sasa tuwagawe kwa mitaa. Bondeni, penye vyoo vya shimo na maji yaliyotuama, wenye hofu ni 80 na walioambukizwa ni 12. Wasio na hofu ni 20, walioambukizwa 3. Pande zote mbili ni asilimia 15. Mtaa wa juu, wenye hofu ni 20, kaambukizwa 1. Wasio na hofu 80, wameambukizwa 4. Asilimia 5 kwa 5. Hofu haikubashiri chochote. Kilichotofautisha watu ni mahali wanapolala.

Kazi hiyo ya kutenganisha ndiyo inayofanywa na modeli ya takwimu iitwayo regresheni ya lojistiki, ila yenyewe hushika mambo mengi kwa pamoja: mtaa, umri, jinsia, chandarua, kama mtu alimeza dawa mwaka uliopita. Na kwa kuwa watu wa nyumba moja huumwa na mbu walewale, modeli nzuri haiwahesabu kama watu wasiohusiana.

Na kama hofu bado inaonekana kuhusiana na maambukizi?

Uliza kwanza kipi kilitangulia. Aliyewahi kuambiwa ana vimelea ataogopa zaidi. Hapo ugonjwa ndio ulioleta hofu. Mwingine anaogopa, kwa hiyo halali bila chandarua, na damu yake ni safi. Ukiuliza na kupima siku moja, hao wawili huwezi kuwatenganisha. Inabidi kuwafuatilia watu kwa muda. Binafsi, ripoti inayorukia neno "husababisha" baada ya kupima mara moja tu huwa naisoma kwa shaka.

Wazee wanasema busha linatokana na madafu.

Kunywa madafu yako. Busha la huku mara nyingi huletwa na vimelea hivi hivi vya matende, navyo vinaletwa na mbu, tena kwa kuumwa mara nyingi kwa miezi au miaka. Lakini imani hii ina uzito kwenye utafiti: anayeamini chanzo ni madafu, na hanywi madafu, atajibu kwamba hayuko hatarini.

Kwa hiyo nifanye nini?

Kingatiba ikigawiwa, meza. Ilianza Mafia mwaka 2000, na mkoa wa Tanga ukafuata 2004, kwa ivermektini na albendazoli. Dawa hizo huondoa zaidi minyoo midogo kuliko mikubwa, ndiyo maana hurudiwa kila mwaka. Wajawazito, wagonjwa mahututi na watoto wasiofikia kimo cha sentimita 90 hawapewi. Lala ndani ya chandarua. Mguu uliovimba uoshwe kila siku kwa maji na sabuni, ukaushwe vizuri hadi katikati ya vidole. Busha linatibika kwa upasuaji hospitalini.