Je, wajua kwa nini vyuma vya kitanda hupimwa kwa kichwa cha mtu?

Mzee akiruhusiwa kutoka hospitalini baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga, familia nyingi za huku Magharibi na Nyanza, Kenya, huanza kuwaza kitanda. Anayeweza kununua kitanda cha hospitali ananunua. Asiyeweza anakwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, kama wale walio upande wa Kibuye pale Kisumu, na agizo lake huwa fupi.

"Fundi, niwekee vyuma pembeni, mama asianguke usiku."

"Virefu kiasi gani, dada?"

"Virefu tu. Na viwe na nguvu."

Agizo hilo linaeleweka kabisa. Mifupa ya uzeeni huvunjika upesi na kupona kwake ni kwa shida. Lakini wanaobuni vitanda vya wagonjwa hawaanzi na urefu, wala hawaanzi na nguvu. Wanaanza kwa kuuliza kichwa cha mtu kinaweza kupita wapi.

Tuseme kwanza dhana iliyozoeleka, kwa sababu makosa mengi yanatoka humo. Watu wengi huamini kwamba mgonjwa huanguka kwa kubingirika akiwa usingizini, kwa hiyo ukimzuia asibingirike umemaliza kazi. Wapo kweli wanaobingirika: aliyetoka chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi haijamwisha mwilini, au aliyepooza upande mmoja akashindwa kujirudisha katikati. Kwa watu hao kizuizi kinafanya kazi yake vizuri. Lakini mzee anayeanguka usiku mara nyingi yuko macho na ana safari. Anataka kwenda haja. Ana kiu. Mguu unamuuma akitaka kuunyoosha. Au homa imempanda, akili imevurugika, na anasikia ng'ombe wametoka zizini na hakuna wa kuwarudisha. Mtu mwenye safari akikutana na chuma haghairi. Anatafuta pa kupitia: juu ya chuma, mwisho wa kitanda upande wa miguu, au katikati ya fito.

Akipitia juu, kizuizi kimempandisha kimo. Chukua kitanda ambacho uso wa godoro uko sentimita 55 kutoka sakafuni. Mtu akiteleza kutoka ukingoni, anaanguka sentimita hizo 55. Wekea vyuma, kisha mtu yuleyule avuke juu yake: nyonga yake sasa iko sentimita 85 au zaidi. Nguvu ya kugonga sakafu huongezeka sambamba na kimo, kwa hiyo hapo imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mkao pia hubadilika. Anayeteleza ukingoni mara nyingi hutangulia kwa makalio au miguu. Anayevuka chuma, mguu mmoja ukiwa umekwama nyuma, anaweza kutangulia kwa kichwa au bega. Vyuma virefu zaidi vinampandisha juu zaidi, na ndiyo maana jibu la "virefu tu" halitoshi.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya kosa. Nusu ya pili ni nzito zaidi.

Kati ya mwaka 1985 na mwanzo wa 2009, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipokea ripoti 803 za wagonjwa walionaswa, kubanwa au kunyongwa katika vitanda vya hospitali. Watu 480 walifariki. Wengine 138 waliumia bila kufa, na 185 hawakuumia kwa sababu wahudumu waliwafikia mapema. Wengi walikuwa wazee, wadhaifu au waliochanganyikiwa. Ukizigawa ripoti hizo kwa miaka zaidi ya 20 na kwa mamilioni ya vitanda vya nchi ile, utaona ni tukio la nadra. Ila hizo ni ripoti zilizofika tu, na kifo cha aina hiyo ni cha kuzuilika kwa rula.

Kunaswa kwenyewe hutokeaje? Hapa inafaa kwenda polepole.

Kitanda chenye vyuma vya pembeni kina mianya mingi kuliko macho yanavyodhani. FDA iliihesabu na kuigawa katika sehemu saba ilipotoa mwongozo wake mwaka 2006: ndani ya kizuizi chenyewe kati ya fito na fito, chini ya kizuizi, kati ya kizuizi na godoro, chini ya ncha za kizuizi, kati ya vizuizi viwili vya upande mmoja, kati ya kizuizi na ubao wa kichwani au miguuni, na kati ya ubao huo na ncha ya godoro. Hatari kubwa kwa anayelala nyumbani ni ule mwanya wa tatu, kati ya kizuizi na godoro. Ni rahisi kuusahau kwa sababu mchana hauonekani. Shuka limeufunika, na chandarua kimechomekwa humo humo.

Wanaovua ziwani wanaujua mgono, ule mtego wa kusukwa wenye mdomo wa vijiti vinavyonesa. Samaki akiingia, vijiti vinampisha. Akitaka kutoka, vijiti vilevile vinamchoma usoni na havimpi njia. Mdomo haukufungwa wakati wowote. Tofauti ni upande anaotokea. Mwanya wa kitanda hufanya hivyo hivyo. Mzee anasogea ukingoni, uzito wake unaididimiza sponji, na mwanya uliokuwa wa vidole vinne unapanuka. Miguu inatangulia kushuka, kisha nyonga. Tumbo na kifua ni laini, vinajikunja na kupita, na godoro linazidi kumpisha kadiri anavyozidi kushuka. Kinachobaki ni kichwa, na kichwa hakijikunji. Mwili umening'inia chini, shingo au kifua kimekaa kwenye chuma, na ili atoke lazima ajiinue uzito wake wote kwenda juu, akisukuma godoro ambalo sasa linarudi kumbana. Mtu mwenye mikono yenye nguvu anaweza. Mama aliyepooza mkono mmoja hawezi. Wala haihitaji nguvu nyingi kuzuia damu au hewa shingoni, kwa hiyo mtu anaweza kufa bila kishindo na bila kuangusha chochote cha kumwamsha aliyelala chumba cha pili.

Ndiyo maana namba za wabunifu zimetoka mwilini. Kipimo cha kwanza ni milimita 120, upana wa kichwa cha mtu mzima mwenye kichwa kidogo. Mwanya kati ya fito, mwanya chini ya kizuizi, na mwanya kati ya kizuizi na godoro, yote inatakiwa iwe chini ya hapo ili kichwa kisiingie kabisa. Kipimo cha pili ni milimita 60, cha shingo, kinachotumika kwenye ncha za kizuizi ambapo chuma na godoro hukutana kama pembe na shingo inaweza kukabwa. Cha tatu ni milimita 318, kina cha kifua cha mtu mkubwa. Kinafaa kutumika kati ya vizuizi viwili: nafasi ama iwe ndogo kiasi kwamba shingo haiingii, ama iwe kubwa kiasi kwamba mwili wote unapita bila kukwama. Saizi za katikati ndizo zinazoua.

Kupima hakufanywi na godoro likiwa limekaa kitako tu. Kuna kifaa cha umbo la pia, chenye kipenyo cha milimita 120 upande mpana, kinacholazwa kwenye mwanya wa godoro na kizuizi na kuachwa kizame kwa uzito wake. Kikizama hadi mstari wake wa katikati ukapita chini ya uso wa godoro, kitanda kimefeli. Maana yake, godoro ni sehemu ya kizuizi. Chuma kilichochomelewa kwa ustadi wote wa fundi kinaweza kufeli kwa sababu ya sponji iliyochoka. Na godoro la hewa, lile la kuzuia vidonda vya kulala, hudidimia ukingoni kuliko sponji, kwa hiyo mgonjwa wake anahitaji jicho la karibu zaidi.

Hesabu yetu ya madukani inaleta mtego mwingine. Magodoro huuzwa kwa futi: 3 kwa 6, 3 na nusu kwa 6, 4 kwa 6. Fremu ya futi 3 na nusu ikipewa godoro la futi 3 kwa sababu ndilo lililokuwapo nyumbani, nusu futi inabaki wazi. Godoro likisukumwa upande mmoja, huo ni mwanya wa sentimita 15 upande wa pili kabla mtu hajalala. Kichwa kinapita. Blanketi lililokunjwa na kuchomekwa hapo halisaidii, kwa kuwa nalo hudidimia na kuanguka chini.

Urefu wenyewe nao hupimwa vibaya. Kiwango cha kimataifa cha vitanda vya matibabu, IEC 60601-2-52, kinataka kizuizi kisimame angalau milimita 220 juu ya uso wa godoro. Kinahesabu juu ya godoro, wala hakihesabu juu ya fremu. Fundi akipima sentimita 30 kutoka kwenye fremu, halafu godoro la inchi 8 likawekwa, kilichobaki juu ni sentimita 10, ambazo mtu anayebingirika anazivuka bila shida. Kwa hiyo unaweza kuwa na kitanda ambacho kizuizi chake ni kifupi mno kumzuia anayebingirika, na mwanya wake ni mpana mno kwa anayeteleza.

Je, basi vyuma hivi ni vibaya? Ushahidi hausemi hivyo. Mwaka 2008 Frances Healey na wenzake nchini Uingereza walikusanya tafiti zilizokuwapo na kuzipitia. Hawakuona kwamba vizuizi huongeza kuanguka au majeraha ya kuanguka kwa jumla, na majeraha mabaya ya vizuizi vyenyewe mara nyingi yalihusiana na miundo ya zamani na kufungwa vibaya. Tafiti zile zilikuwa na udhaifu wake, kwa kuwa si rahisi kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya wenye vizuizi na wasio navyo. Dawa nyingine inayosifiwa, kitanda kinachoshushwa hadi karibu na sakafu, nayo ilijaribiwa katika wodi za hospitali za umma jimboni Queensland, Australia, na matokeo yaliyochapishwa 2010 hayakuonyesha kuanguka kukipungua. Kwa maoni yangu kushusha kitanda bado kuna maana nyumbani, kwa sababu ya kimo: sentimita 25 si sawa na 55, seuze 85. Ila kusiwe chini mno kwa mtu ambaye bado anajisimamia, kwani kuinuka kutoka chini ni kazi ngumu kwa magoti mabovu.

Swali la kumpelekea fundi, basi, linategemea mgonjwa. Asiyeweza kujisogeza na anayeelewa chuma ni cha nini, kizuizi kizima chenye mianya midogo kinamfaa. Anayetembea na akili yake iko sawa anafaidika zaidi na kipande kifupi cha kushikia anapogeuka na kuinuka, ingawa nacho kina ncha na mianya ya kupimwa. Aliyechanganyikiwa lakini ana nguvu za kupanda ndiye wa kuhofia. Kwake vyuma vinaweza kuwa hatari kuliko kutokuwapo. Afadhali kitanda cha chini, godoro la pili sakafuni, taa ndogo au tochi mahali anapoifikia, na poti karibu, apelekwe haja kabla ya kulala ili ile safari ya usiku isiwepo. Kusukuma kitanda ukutani nako kuna masharti: kwenye sakafu ya simenti kitanda huteleza polepole, na kati ya godoro na ukuta ukafunguka mwanya ambao hakuna anayeukagua.

Kwa watoto hesabu inageuka. Kichwa cha mtoto mdogo ni kipana kuliko kiwiliwili chake kinavyoweza kubanwa, hivyo mwili unapita mahali ambapo kichwa kinabaki. Mwanya salama kwake lazima uzuie kiwiliwili, si kichwa. Ndiyo sababu sheria ya Marekani ya vitanda vya ghorofa, vile tunavyoviita dabodeka, inataka mianya ya kizuizi cha juu iwe chini ya inchi 3.5, yaani kama sentimita 9 badala ya 12, na inaonya kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu. Inataka pia kizuizi kizidi uso wa godoro kwa inchi 5. Dabodeka iliyotengenezwa kwa godoro la inchi 4 ikafikisha kipimo hicho barabara, kisha ikapewa godoro jipya la inchi 6, inabaki na inchi 3, na chuma hakijaguswa.