Sheria ya kuhudumiwa kwa wakati ni nini?

Ofisi nyingi za umma hapa Dar zimetundika ukutani Mkataba wa Huduma kwa Mteja: huduma hii siku tatu, ile siku saba. Mwaka juzi nilisimama chini ya bango la namna hiyo kwa mara ya nne, nikifuatilia karatasi moja tu. Bango lilisema siku saba. Mimi nilikuwa wiki ya sita. Dada wa dirishani hakuwa na ubaya wowote. "Kaka, mtandao unasumbua, jaribu Jumatatu." Nauli ya daladala ilitoka mfukoni mwangu, na siku ya kazi iliyopotea ilikuwa yangu. Upande wa pili wa kioo hakuna aliyepungukiwa hata senti.

Sheria ya kuhudumiwa kwa wakati inaugusa upande huo wa pili. Inachukua ahadi ya ukutani na kuifanya haki unayoweza kuidai, na ikivunjwa, kuna mtu anayelipa.

India ndiyo wanaoijua zaidi. Jimbo la Madhya Pradesh lilitangulia mwaka 2010, Bihar ikafuata 2011. Huduma hutajwa moja moja, pamoja na cheo cha afisa anayehusika na idadi ya siku alizopewa. Siku zikipita, au ukinyimwa, unakata rufaa kwa mkubwa wake. Usiporidhika, unapanda ngazi ya pili. Ngazi hiyo ndiyo yenye rungu. Madhya Pradesh, aliyechelewesha bila sababu ya maana hutozwa rupia 250 kwa kila siku, mwisho 5,000. Anayetozwa ni afisa mwenyewe, na fedha hiyo mwombaji anaweza kupewa kama fidia. Delhi waliweka rupia 10 kwa siku, mwisho 200, kiasi ambacho kwa maoni yangu hakimnyimi mtu usingizi.

Lakini kitovu cha mambo ni stakabadhi. Siku haziwezi kuhesabiwa kama huna karatasi yenye tarehe maombi yako yalipopokelewa. Karani mjanja analijua hilo: atakwambia faili halijakamilika, akurudishie bila kuandika popote. Au atakataa maombi harakaharaka ili asipitiwe na siku, ndiyo maana sheria inamtaka anayekataa aandike sababu.

Kwetu Tanzania, mkataba wa ukutani umebaki ahadi. Hauna faini ya kila siku. Kilicho karibu nao ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi siku zisizozidi 30 kukujibu. Hiyo ni kwa taarifa tu. Cheti au kibali hakimo.

Siku hizi nikipeleka fomu nabeba nakala ya pili, naomba igongwe mhuri wa "Imepokelewa". Tarehe isiposomeka, naomba wagonge tena.