Je, wajua kwa nini barua yako huparaganyika ukibadilisha programu ya kuandikia?

Nyumbani barua ilikaa sawasawa. Anwani yangu juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwajiri kushoto, kisha YAH: MAOMBI YA KAZI, herufi zimekolezwa na kupigiwa mstari. Yote ukurasa mmoja. Nikaitia kwenye flashi, nikaenda steshenari kuiprinti. Kijana wa pale alipoifungua, anwani ilikuwa imetawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. S.L.P. imesogea mpaka ukingoni, jina la mji limedondokea mstari wa chini, kushoto kabisa, na ukurasa wa pili una maneno matano tu: "Wako katika ujenzi wa taifa".

"Hii umeitaipia programu gani, kaka?"

Nilikuwa nimehamia LibreOffice wiki moja kabla, baada ya miaka mingi ya Microsoft Word. Nikailaumu ile programu mpya palepale, mbele ya wateja. Niliionea.

Ukurasa unaouona kwenye kioo haumo ndani ya faili. Kilichomo ni maneno yako pamoja na maelekezo ya namna ya kuyapanga, na kila unapofungua faili, kompyuta huyasoma maelekezo hayo na kuuchora ukurasa upya. Faili ni karatasi yenye maelezo ya kupika pilau, si sufuria ya pilau. Ukimpa mpishi mwingine karatasi ileile, naye hana mchele uliouzoea wewe, usitegemee sahani zitafanana.

Unaweza kuyaona maelekezo hayo kwa macho yako. Chukua faili la Word linaloishia na .docx, tengeneza nakala yake, kisha badilisha huo mwisho uwe .zip, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja, na ulifungue. Utakuta folda kadhaa, na ndani ya mojawapo faili liitwalo document.xml. Humo maneno yako yamezungukwa na alama: kila aya imefunguliwa na kufungwa kwa alama yake, na neno ulilolikoleza lina kialama kidogo w:b mbele yake. Faili la LibreOffice, lile la .odt, nalo ni zip vilevile, lakini ndani lugha ni nyingine. Ukikoleza neno kwa Ctrl+B, programu hutunga kimyakimya mtindo mdogo, ikaupa jina kama T1, ikaandika kwamba T1 maana yake ni herufi nene, kisha ikalivisha neno lako T1. Muundo wa .odt ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, ule wa .docx ukafuata 2008. Kwa hiyo ukifungua faili la huku kwa programu ya kule, kuna mkalimani anayefanya kazi katikati. Mara nyingi ni mkalimani hodari. Shida ni kwamba hawezi kutafsiri jambo ambalo hukulisema.

Na mimi sikuwa nimesema. Kuisogeza anwani kulia nilibonyeza kitufe cha nafasi, tena na tena, mpaka macho yakaridhika. Ndani ya faili hapakuwa na elekezo lolote la "weka kulia", palikuwa na nafasi tupu kama 100 kila mstari. Sasa piga hesabu. Nyumbani herufi zilikuwa za fonti, yaani umbo la herufi, liitwalo Carlito, iliyotengenezwa makusudi iwe na upana uleule wa Calibri, fonti ya Microsoft. Nafasi moja ya fonti hiyo kwa ukubwa wa pointi 12 (pointi ni kipimo kidogo cha wachapaji) ni kama pointi 2.7. Kompyuta ya steshenari haikuwa na Carlito, ikaweka Times New Roman, ambayo nafasi yake ni robo kamili ya ukubwa wa fonti, yaani pointi 3. Tofauti ni ndogo kuliko unene wa ukucha. Izidishe mara 100: pointi 271 zimekuwa 300, na mstari umesukumwa sentimita nzima kwenda kulia. Mji ukakosa pa kukaa, ukashuka chini. Mistari mingine nayo ikarefuka kidogokidogo, hadi ule ujenzi wa taifa ukahamia ukurasa wa pili.

Tabia hii ya kusukuma maneno kwa nafasi tumeirithi kwa taipureta. Kwenye mashine ile kila herufi ilichukua upana sawa, i na m hazikutofautiana, kwa kawaida 10 au 12 kwa inchi moja. Makarani walihesabu herufi za kichwa cha habari, wakagawa kwa mbili, wakarudi nyuma idadi hiyo kutoka katikati ya karatasi, na kichwa kikakaa katikati kweli. Ilikuwa sahihi kabisa kwa sababu karatasi ndiyo ilikuwa hati yenyewe. Aliyewafundisha wazazi wetu kutaipu alifundisha hivyo, wao wakatufundisha sisi, na kompyuta ikaingia bila mtu kusema kwamba mchezo umebadilika.

Enter nayo ina hadithi yake. Ukitoka Word ya 2003 kwenda ya 2007, utakumbuka mshangao: unabonyeza Enter mara moja, mstari unaruka mbali. Haikuwa hitilafu. Tangu toleo lile, aya ya kawaida ilikuja na pointi 10 za nafasi chini yake na mistari iliyoachanishwa kwa 1.15, toleo la 2013 likapunguza hadi pointi 8 na 1.08. Waliozoea kubonyeza Enter mbili kutenganisha aya wakajikuta na mabonde. Programu ilikuwa imeshaanza kutenganisha aya yenyewe, na Enter maana yake ikawa moja tu: aya imekwisha. Kwa anwani, ambayo ni aya moja yenye mistari kadhaa, kuna Shift+Enter. Inashusha mstari bila kuifunga aya, na inafanya kazi hivyohivyo kwenye Word, LibreOffice na Google Docs. Nimeitumia kompyuta zaidi ya miaka kumi kabla ya kulijua hilo, na sioni haya kulisema.

Lakini kwa nini programu zisikubaliane tu? Kwa sababu kila moja ilizaliwa na wazo lake kuhusu hati ni kitu gani. WordPerfect, iliyotoka Utah huko Marekani na kutamba mwishoni mwa miaka ya 1980, iliiona hati kama mto wa herufi unaotiririka, na ndani yake swichi za kuwasha na kuzima: hapa washa unene, hapa zima. Ilikuwa na dirisha la kuzionyesha swichi zote, na wazee wa ofisi za mawakili bado wanalisifia. Microsoft Word ilitoka mwaka 1983 chini ya Charles Simonyi, ambaye kabla ya hapo, katika maabara ya Xerox PARC kule California, alikuwa ameshiriki kutengeneza Bravo, programu ya 1974 iliyoonyesha kwenye kioo ukurasa jinsi utakavyochapwa. Kwa Word, hati si mto, ni masanduku. Herufi zimo ndani ya aya, aya zimo ndani ya sehemu, na kila sanduku limebandikwa maelekezo yake. Aliyetoka WordPerfect akitafuta swichi ndani ya Word alikuwa anatafuta mlango kwenye nyumba ya hema.

LibreOffice ina ukoo mwingine. Ilijitenga mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, ambayo chimbuko lake ni StarOffice ya Ujerumani. Wapo watakaokumbuka Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili lililotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni ukoo huohuo. Katika ukoo huu kila kitu kina mtindo wake wenye jina. Aya ina mtindo, herufi ina mtindo, orodha ina mtindo, na hata ukurasa una mtindo. Hapo kwenye ukurasa ndipo wahamiaji wengi hukwama, hasa wanafunzi wenye tasnifu.

Unajua chuo kinavyotaka. Jalada lisiwe na nambari. Tabaruku, shukrani, ikisiri na yaliyomo ziwe na nambari za Kirumi. Sura ya kwanza ianze na 1. Kwenye Word unalikata andiko kuwa sehemu: unaweka mkato wa sehemu baada ya jalada na mwingine kabla ya Sura ya Kwanza, unaingia sehemu ya chini ya ukurasa, unazima Link to Previous ili sehemu mpya isiige iliyotangulia, kisha unaweka nambari za aina unayotaka. Anayesahau kuzima Link to Previous hukuta nambari zimetokea hadi kwenye jalada na kuomba dua.

Ukihamia LibreOffice na kutafuta huo mkato, utazunguka mpaka usiku. Upo mkato, lakini swali linaloulizwa ni jingine: ukurasa unaofuata ni wa mtindo gani? Unabonyeza F11, orodha ya mitindo inafunguka pembeni, unachagua upande wa kurasa. Jalada unalipa mtindo wa First Page. Mtindo huo umeshaelezwa tangu kiwandani kwamba ukurasa unaoufuata uwe wa Default Page Style, kwa hiyo nambari ukiiweka kwenye huo wa pili, jalada linabaki safi bila wewe kufanya kitu. Kwa kurasa za Kirumi unatengeneza mtindo wako, uite Utangulizi kwa mfano, nambari zake ziwe i, ii, iii. Ukifika Sura ya Kwanza, nenda menyu ya Insert, tafuta Manual Break, chagua mtindo wa sura, weka tiki kwenye kubadilisha nambari ya ukurasa, andika 1. Basi. Binafsi naona njia hii ni safi kuliko ya Word, lakini nilifika huko baada ya kuitukana siku mbili.

Kwa vichwa vya habari programu zote zinaafikiana zaidi ya unavyodhani. Kichwa ulichokitengeneza kwa kukuza herufi na kukoleza, kwa kompyuta ni aya kama nyingine yenye herufi nene. Kichwa ulichokivisha mtindo wa Heading 1 kinajulikana kuwa kichwa, na ndicho kinachoingia kwenye yaliyomo kwa mbofyo mmoja na kuhama salama kutoka programu hadi programu. Kwenye Word na Google Docs ni Ctrl+Alt+1. Kwenye LibreOffice ni Ctrl+1 tu. Umekichukia kibuluu kinachokuja na Word? Badilisha mtindo wenyewe mara moja, vichwa vyote 40 vitafuata.

Kuna jambo dogo linalotusumbua sana sisi waandishi wa Kiswahili: mistari myekundu chini ya kila neno. Lugha nayo ni elekezo linalobandikwa kwenye herufi, sawa na unene au rangi. Programu mpya ikifika imeshapangwa Kiingereza, inakisoma Kiswahili chako kama Kiingereza kibovu. Chagua andiko lote, libandike Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Hukosea maneno kadhaa, lakini ukurasa hautaonekana tena kama daftari lililosahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Hapohapo tazama na saizi ya karatasi, maana programu iliyopangwa kwa Marekani huja na Letter, milimita 216 kwa 279, ilhali rimu ya steshenari ni A4, 210 kwa 297.

Barua yangu ilirekebishwa na yule kijana kwa dakika mbili. Alibonyeza Ctrl+Shift+8, alama zilizofichika zikajitokeza, na pale kwenye anwani yangu pakaonekana safu za vinukta, kimoja kwa kila nafasi, kama sisimizi waendao msibani. Akacheka, akavifuta vyote. Akaichagua anwani, akakivuta kialama cha rula kwenda kulia, mistari yote ikasimama pamoja. Shilingi mia mbili ya kuprinti, marekebisho bure.

Kwenye LibreOffice alama hizo huonekana kwa Ctrl+F10, na sasa ndicho kitu cha kwanza ninachobonyeza. Kilichobaki kunitatiza ni Ctrl+M. Kwenye LibreOffice hufuta mapambo yote uliyoyaweka kwa mkono na kulirudisha andiko kwenye mtindo wake. Kwenye Word hiyohiyo Ctrl+M huisukuma aya nzima ndani. Ofisini tunatumia Word, nyumbani LibreOffice, na kila Jumatatu asubuhi aya zangu za kwanza huwa zimekaa katikati ya ukurasa.