Kiapo cha chuma cha moto na kizaazaa cha ushahidi Ulaya

Katika Ulaya ya karne ya 12, mtuhumiwa aliweza kukabidhiwa chuma kilichotoka motoni akibebe hatua kadhaa. Mkono ulifungwa kitambaa, ukafunguliwa baada ya siku tatu. Ukiwa unapona, ameachiwa. Ukitunga usaha, Mungu ameshasema. Wengine walitumbukizwa majini: aliyezama ndiye msafi (alivutwa kwa kamba, asife na usafi wake), aliyeelea amekataliwa na maji.

Kiapo hicho, yaani jaribio la kumwachia Mungu aamue kesi, hakikuwa kitu bila padri wa kukibariki. Mwaka 1215 mkutano mkuu wa Kanisa uliofanyika Laterano, mjini Roma, ukawakataza mapadri kukigusa. Mahakama zikabaki mikono mitupu. Uingereza ikawageukia wakazi wa eneo la tukio, walioapishwa waseme kama mtu ana hatia. Ndiyo asili ya juri, yaani jopo la raia wanaoamua hatia, katika kesi za jinai.

Italia, Ufaransa na Ujerumani zilishika njia nyingine, na hapa ndipo wanafunzi wangu hushangaa. Wanasheria waliosomea sheria ya Kirumi katika vyuo kama Bologna waliogopa kumwachia hakimu, binadamu tu, nafasi aliyokuwa nayo Mungu. Wakamfunga kwa kanuni kali: huwezi kumhukumu mtu kifo bila mashahidi wawili walioona kwa macho, au mwenyewe akiri. Ushahidi wa mazingira, yaani wa dalili tu bila aliyeona, hata ukiwa mzito namna gani, hautoshi.

Lakini nani huua mbele ya mashahidi wawili? Basi ikabaki kukiri, na kukiri kukatafutwa kwa mateso. Kanuni iliyowekwa kumlinda mtuhumiwa ndiyo iliyomfikisha kwenye kamba ya mateso. Sheria ilidai arudie maneno yake nje ya chumba cha mateso. Akiyakana? Aliweza kurudishwa ndani.

Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Milan, kijana wa miaka 26, aliandika kwamba mateso humwokoa mhalifu mwenye misuli na kumwangamiza dhaifu asiye na kosa. Prussia, dola la Kijerumani, ilikuwa imeshayafuta mateso kabisa mwaka 1754. Ufaransa ikafuata kwa awamu mbili, 1780 na 1788.

Beccaria husifiwa sana, na anastahili. Ila mimi naona mahakimu walikuwa wameshamtangulia kimyakimya: tangu karne ya 17 walikuwa wakitumia ushahidi wa mazingira kutoa adhabu zisizo za kifo, kama kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme. Kwa kesi hizo, hawakuhitaji tena mtu akiri.